Mashua Iliyopita Kibanjani kwa Ishengoma

Nilipaswa kusema hapana. Bwana Hallam alisimama katikati ya migomba, kofia mkononi, akaniuliza kama tunaweza kuing'oa ile mimea ya mpaka ili mashua ishuke moja kwa moja hadi ziwani, nami nikajibu, "Tunaweza, bwana." Kibanja kile hakikuwa changu. Kilikuwa cha Ishengoma, ambaye wakati huo alikuwa anavua samaki kisiwani Goziba, na ambaye alikuwa ameniachia mimi nikitazame hadi atakaporudi. Hakuna aliyenilazimisha. Bwana Hallam hakuwa mtu wa kufoka. Ningekataa, angejikuna shingo yake nyekundu na kutafuta njia nyingine, au angengoja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nimemaliza sekondari, na nilipenda sana jinsi neno hilo "tunaweza" lilivyosikika kinywani mwangu.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika Ishengoma huko Kishanda. Nasema tulimzika, lakini mimi nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wageni waliotoka mbali, na koleo lilipopitishwa kwa wazee ili kila mmoja atupie udongo, halikunifikia. Baadaye binti yake mmoja, mama mtu mzima mwenye macho ya baba yake, aliniletea sahani ya ndizi na maharage akaniuliza kwa adabu, "Shikamoo babu. Wewe ulimfahamu wapi marehemu?" Nikamwambia tulikuwa majirani zamani, kule chini ziwani. Akasema, "Ah, kule. Baba hakupenda kupasema." Akaniongezea mchuzi akaenda kuwahudumia wengine. Nilikula chakula chote. Kilikuwa kitamu, na niliona haya kwamba kilikuwa kitamu.

Majirani ni neno dogo. Mimi na Ishengoma tulikuwa tumekula omukago. Vijana wa leo hawaujui, kwa hiyo nitaueleza. Tunda la kahawa lina punje mbili ndani yake, zimelala zikiangaliana kama mapacha. Watu wawili wanaopendana hulipasua, kila mmoja hujichanja kidogo kando ya kitovu, hupaka damu yake kwenye punje moja na kumpa mwenzake aimeze. Tangu hapo wao ni ndugu kuliko ndugu, na hakuna ombi la mmoja ambalo mwingine anaweza kulikataa. Mimi nilikuwa Mlutheri na yeye Mkatoliki aliyesomea Kashozi, kwa hiyo si mchungaji wala padri aliyeambiwa. Tangu siku hiyo hakuniita tena Filemoni. Aliniita munywani, yaani ndugu wa damu, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na baba yake alikuwa amezikwa upande wa chini wa kibanja, karibu kabisa na mpaka. Alipoondoka kwenda Goziba alikuja nyumbani kwetu, akatafuna kahawa na mama yangu, akaniambia mlangoni, "Munywani, migomba itajitazama yenyewe. Wewe nitazamie kaburi la Tata, na unitazamie Kaiza." Kaiza alikuwa baba yake mdogo, mwenye shamba lililokuwa chini ya lile la Ishengoma, kati yake na ziwa. Nilicheka. Nikamwambia Kaiza hana meno ya kula ardhi.

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkalimani wa Bwana Hallam, mhandisi wa barabara aliyekaa Bukoba. Barabara alizijenga kwa wajibu. Moyo wake ulikuwa kwenye mashua. Alikuwa na ramani zake, karatasi kubwa za rangi ya bluu alizozitandaza juu ya meza ya ofisi wakati ambapo angepaswa kutazama makalavati. Alikuwa na mapipa ya resini, gundi nzito kama asali, yaliyoletwa kwa meli ya ziwani, na marobota ya kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Faibaglasi. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo, na naamini watu wengi wa Bukoba, Wazungu kwa Waafrika, walikuwa hawajalisikia. Wazungu wenzake walimcheka. Nilimsikia mmoja akimwuliza mbele ya ofisi kama anajenga chombo au bakuli la saladi. Yeye alinieleza kwa uvumilivu mkubwa: unatengeneza umbo la mbao, kama kiatu kinavyotengenezewa kalibu, unalitandika kitambaa, unakipaka resini iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, unatandika tena, unapaka tena, mpaka ganda linakuwa nene kama kidole. Kisha unalitoa kwenye kalibu, nalo ni kitu kimoja, kuanzia pua hadi mkia, bila mbao kuungana na mbao popote.

Shida ilikuwa mahali. Ufukweni Bukoba upepo wa ziwa ulitupa mchanga kwenye resini mbichi, na jua liliifanya igande upesi mno, ikitoa moshi ndani ya ndoo kabla hatujaipaka. "Nahitaji kivuli," alisema, "na hewa isiyotembea." Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hewa isiyotembea iko kwenye migomba. Kibanja chetu, upande wa Muleba, kilikuwa juu kidogo ya ziwa. Migomba yake ilikuwa imeshikana kiasi kwamba saa sita mchana chini yake palikuwa na giza la kijani, na baridi kama ya chumba cha ndani. Mama alikubali. Kwa karibu mwaka mzima Bwana Hallam alikuja na gari lake mwisho wa kila wiki, na siku nyingine za kazi pia, akavua shati, na mashua ikakua katikati ya migomba yetu kama boga.

Nikikumbuka mwaka ule nakumbuka kwanza harufu. Resini ilinuka tamu na kali, ikaingia kwenye nguo, kwenye chandarua, kwenye mchuzi. Mama alisema hata maziwa yananuka mashua. Vumbi la zile nyuzi lilituwasha usiku na mchana. Tulijikuna mbele ya wageni bila aibu. Mama alikuwa amempa Bwana Hallam kiti chenye mgongo kwenye chumba cha mbele, chini ya picha ya Yesu, na alipokula ndizi zake kwa samaki, vidole vikiwa vimeganda resini, mama alimtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtu ambaye mke wake hampikii. "Mwambie ale," aliniambia kwa Kihaya. "Mtu mzima anajenga kitu ambacho hata hajui atampelekea nani." Nilimtafsiria. Alicheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mama, mimi nitajipelekea mimi." Mama akasema, "Basi ni upweke mkubwa huo," na hilo sikulitafsiri.

Watu walikuja kuitazama kila siku. Waliokuja hasa walikuwa wale wenye mitumbwi, kwa sababu mtumbwi wetu ulikuwa wa kushonwa: mbao kwa mbao, kwa kamba ya nyuzi, na mwenye mtumbwi anaijua kila shona kama unavyolijua jino lako bovu. Walilizunguka ganda lile jeupe wakaligonga kwa vifundo vya vidole. "Lina sauti ya kibuyu," mmoja alisema. Mwingine akauliza, "Likitoboka utaanzia wapi kushona?" Nilimjibu kwa kujigamba kwamba halitoboki wala halishonwi, kwamba haliozi, haliliwi na mchwa, halinywi maji. Niliyasema maneno hayo mara nyingi mwaka ule, na nilipoyasema nilijiona na mimi nimetengenezwa kwa kitu hicho hicho.

Na ni kweli ilikuwa mashua nzuri. Sitaisema vibaya kwa sababu ya makosa yangu. Urefu wake ulikuwa futi ishirini na sita. Mkuku wake, ule uti wa chini, haukuwa bamba jembamba lililoning'inia. Ulikuwa tumbo refu lililoshuka taratibu kuanzia mbele, wazi kwa ndani, nasi tuliujaza vyuma chakavu na kuvimwagia resini juu, ili uzito ukae chini na mashua ikilazwa na upepo ijiinue yenyewe. Nyuma palikuwa na shimo la kuketi, lenye viti pande mbili na matundu mawili sakafuni ya kutolea maji ya mawimbi. Ukishuka ngazi fupi uliingia chumbani. Mkono wa kushoto jiko dogo la mafuta ya taa, limening'inizwa kwenye vyuma viwili ili mashua ikiinama lenyewe libaki wima na uji usimwagike. Mkono wa kulia meza ya ramani, ambayo chini yake palikuwa na droo za penseli. Kisha vitanda viwili vilivyokuwa viti mchana, kila kimoja na ubao wa kuzuia mlalaji asianguke. Kisha kijimlango, na nyuma yake choo chenye pampu ya mkono. Na mbele kabisa, kwenye pua, vitanda viwili vilivyokutana miguuni kama herufi V. Kila nafasi ilikuwa na kazi. Chini ya kitanda tangi la maji, chini ya ngazi sanduku la vifaa, na madirisha madogo ya mviringo yaliyofungwa kwa skrubu za shaba. Bwana Hallam alinifundisha jambo ambalo sijalisahau: kwenye chombo kidogo hakuna kitu cha pambo, na ukiona kona ya mviringo ujue kuna mtu alishawahi kuigonga kwa goti. Nilikuwa naingia humo peke yangu, bado ikiwa juu ya kitanda chake cha mbao kwenye migomba, nakaa mezani pa ramani na kufunga mlango. Nyumbani sikuwahi kuwa na chumba ambacho kila kitu kilikuwa mahali pake.

Mashua ilipokamilika, ilibidi itoke. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipojitokeza, na lilikuwa la kijinga tu, si la dhambi. Njia ya kwenda ziwani ilikuwepo, njia ya watu wote, na mwanzoni kabisa Bwana Hallam alikuwa amenituma nikaipime. Niliipima upana. Ulitosha, na hata ukabaki. Sikupima kona. Njia ile ilikunja penye mwamba kama kiwiko cha mkono, na mtumbwi wa kushonwa ungepita kwa sababu vijana wangeubeba begani na kuuinua juu ya mwamba. Mashua yenye tumbo la vyuma haikuinuliwa na mtu. Tuliisogeza hadi kwenye kona, ikakwama, tukairudisha. Bwana Hallam alikaa chini kwenye majani makavu. Alikuwa amepata habari kwamba anahamishwa, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Kisha akainuka, akatazama mteremko, akaona kwamba kutoka kwetu kuna mstari mmoja ulionyooka: kupitia sehemu ya chini ya kibanja cha Ishengoma, kuvuka mpaka wake na Kaiza, kisha mchanga.

Mpaka wenyewe ulikuwa safu fupi ya emilamula. Ni mmea mwembamba wenye majani marefu kama panga, na Wahaya wameutumia kugawia ardhi tangu kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwingereza. Sifa yake ni kwamba haufi kirahisi, na mizizi yake husema ukweli: mtu akiuhamisha gizani, wazee watachimba na kuona kwamba hapa udongo ni mgeni. Kwa sababu hiyo haung'olewi ila wenye ardhi wote wawili wawepo, na mashahidi wawepo. Hilo mtoto wa miaka saba analijua. Nililijua. Nilimwambia Bwana Hallam kwamba mimea ile ni ya mpaka, nikamwambia mwenyewe hayupo na nimeachiwa mimi. Akaniuliza kama tunaweza. Nimekwisha kusema nilijibu nini.

Kaiza alikuja mwenyewe kabla hatujamwita. Alikuwa mzee mwembamba, mcheshi, aliyependwa kwenye vilabu vya pombe. "Ng'oeni, wanangu, ng'oeni!" alisema. "Sisi si ndugu? Kwani Ishengoma ni mtu baki? Mzungu apite, na mashua yake ipite, na mimi niseme mbele ya wajukuu kwamba meli ilipita shambani kwangu." Siku ya kuvuta alileta kibuyu kikubwa cha lubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya wavutaji. Mama yangu alisimama mlangoni akimtazama anavyowamiminia watu. Nilipopita aliniita. "Mwana wange, mwandikie Ishengoma kwanza. Kuna mitumbwi inakwenda Goziba."

"Mama, mvua haitasubiri barua."

"Kaiza hajawahi kumnywesha mtu pombe bure."

"Nitaipanda tena siku hiyo hiyo. Emilamula haifi, wewe mwenyewe unajua."

"Mimea haifi," alisema. "Mimi sizungumzii mimea."

Tulitandika vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa kuanzia kwetu hadi mchangani, kimoja baada ya kingine. Kigogo kibichi kikibanwa hutoa maji yenye utelezi, na mashua, na tumbo lake lote la vyuma, iliteleza juu yake kama sabuni. Wanaume walivuta kamba wakiimba, wanawake walipiga vigelegele, na watu wawili kazi yao ilikuwa kukimbiza vigogo kutoka nyuma kuvipeleka mbele. "Polepole, shemeji yake Nuhu!" mtu alinipigia kelele, na wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Tulilipita kaburi la baba yake Ishengoma kwa umbali wa hatua chache, upande wa chini. Nililiangalia. Niliona halijaguswa, nikaridhika.

Jioni ile mashua ilikuwa majini na mimi nilikuwa nimelewa furaha. Emilamula tuliyoing'oa, safu nzima ili wavutaji wapate nafasi pande zote mbili, ilikuwa imelazwa kivulini, mizizi ikiwa imefungwa kwa majani. Kuipanda tena ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Lakini Bwana Hallam alitaka kusimamisha mlingoti alfajiri, na baada ya mlingoti kamba, na baada ya kamba tanga, kisha akaniambia kwamba anataka kuizungusha mashua visiwani kabla ya kuondoka na anahitaji mtu mmoja wa kwenda naye. Hivyo nikafanya jambo ambalo niliona ni la akili. Nilichukua vipande vya faibaglasi vilivyobaki, virefu na vyeupe kama mbavu, nikavichomeka kwenye mashimo ya emilamula, kila shimo kipande chake. Nilijiambia kwamba hiki ni bora kuliko mmea. Hakiozi. Hakiliwi na mchwa. Nitakikuta hapo hapo hata nikirudi baada ya mwaka. Mama alikitazama kimoja bila kukigusa, akaingia ndani.

Tulikwenda Goziba. Sitaeleza safari yote. Nitasema tu kwamba nililala kwenye kitanda cha puani, maji yakipita upande wa pili wa ganda nene kama kidole, na kwamba sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile kabla wala baada. Tulipokaribia kambi ya wavuvi watu walisimama kwenye miamba, na nilimtambua Ishengoma kwa jinsi alivyoinua mikono yote miwili. Alikuja na mtumbwi akapanda. Alikuwa amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, ananuka samaki, na alicheka tangu alipotia mguu ndani mpaka alipotoka. Nilimwonyesha kila kitu. Alilisukuma jiko kwa kidole akaliona linabembea. "Munywani, hata jiko lenu limelewa!" Alipoona choo aliniuliza kwa Kihaya, taratibu, "Sasa hiki, mnasafiri nacho?" Nikampigia pampu. "Kumbe! Waitu, Mzungu ameogopa nini kwenye ziwa lote hili hata ajifungie na mavi yake?" Bwana Hallam akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ameisifu pampu.

Kisha Bwana Hallam akampa usukani. Ishengoma akaushika ule mkono wa mbao kwa vidole viwili, akahisi jinsi mashua ilivyojibu, na uso wake ukabadilika. Tulikuwa tumekaa goti kwa goti. Bila kuacha kutazama tanga akaniuliza, "Nyumbani?"

"Wazima. Mama anakusalimu."

"Kaburi la Tata?"

"Nililipalilia mwezi uliopita."

"Na Kaiza?"

"Yupo. Bado anachekesha watu."

Kila neno nililomjibu lilikuwa kweli. Nimelifikiria hilo kwa maisha yangu yote. Nafasi ilikuwa hapo, upana wa goti moja. Ningesema, munywani, nimeing'oa emilamula yako, nirudi nikaipande haraka au turudi wote. Mitumbwi ilikuwepo. Angenitukana, angenipiga hata kofi, kisha angekuja. Lakini alikuwa ameshika usukani, amefurahi, na mimi nilikuwa mwenyeji siku ile, mwenye meli, na sikutaka kushushwa. Alitupa samaki wakubwa waliokaushwa, akarudi kwenye mtumbwi wake akipunga mkono.

Tuliporudi, vile vipande vyeupe vilikuwa vimesimama safu moja iliyonyooka, vizuri kuliko nilivyoviacha mimi. Vilikuwa upande wa juu wa kaburi. Yaani kaburi sasa lilikuwa upande wa Kaiza, na chini yake, palipokuwa na mashimo yangu, pamelimwa, pamewekwa samadi na kupandwa miche ya migomba. Emilamula iliyokuwa kivulini haikuwepo. Nilimkuta Kaiza ameketi kwake akimenya maharage. "Karibu, mwanangu," alisema. "Nimekulindia alama zako."

Ishengoma aliitwa kutoka Goziba, na shauri likaletwa kwa mkungu, mkuu wa kijiji, na wazee wake. Walikuja kulikagua eneo, wakatembea juu na chini. Walichimba kwa fimbo, wakakuta udongo wote umegeuzwa kwa jembe. Mkungu akanigeukia. "Wewe ndiye uliyeng'oa?"

"Ndiyo, waitu."

"Mwenyewe alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Basi tuonyeshe ilikuwa wapi."

Nilijaribu. Nilisimama hapa, nikasogea pale. Niliijua ile safu tangu utoto, lakini niliijua kama ukuta wa nyumbani, ambao hujui unaanzia wapi mpaka ubomolewe. Nilisema vipande vimehamishwa. "Nani aliona?" Hakuna aliyeona. Kaiza hakuwa na haja ya kujitetea. Wavutaji wote walikuwa wamekunywa lubisi yake, na kila mmoja alipoulizwa alisema yeye alikuwa anatazama mashua. Mama yangu peke yake alisimama akasema mpaka ulikuwa chini ya kaburi, nao wakamwambia kwa heshima kwamba mama hawezi kumshuhudia mwanawe. Mwishowe mzee mmoja alikishika kipande kimoja kwa vidole viwili akakivuta. Kilitoka bila kelele, kisafi, bila chembe ya udongo. Akakipitisha kwa wenzake. "Mpaka gani huu," alisema, "unaong'oka kama jino la mtoto?" Na kwa kuwa hapakuwa na alama nyingine juu ya ardhi ile, ile ya faibaglasi ndiyo iliyofuatwa, na kaburi likabaki upande wa Kaiza.

Ishengoma alikuja kwetu jioni hiyo kabla jua halijazama. Mama alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kama desturi. Aliitazama, akakisogeza kijikapu kwa nyuma ya mkono. Sijawahi kumwona mtu akiikataa kahawa ya mama yangu. Mama akafunika uso kwa khanga. Ishengoma akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kung'oa, ningekusamehe. Mzungu alikubabaisha, watu hubabaika. Lakini ulinikalia pale, ukanipa usukani nikashika, nikakuuliza, nawe ulikuwa unajua." Akasubiri kidogo, naamini kwa upendo uliokuwa umebaki, ili nipate neno. Kisha akaniita Filemoni, akaniaga kwa jina hilo, akaondoka.

Bwana Hallam alihamishwa, akaondoka na mashua yake kuelekea upande wa Entebbe, na sikupata tena habari zake. Aliwahi kusikia kwamba kuna ugomvi wa ardhi, akaniuliza kama anaweza kusaidia. Nilimwambia ni mambo ya kienyeji. Ishengoma aliuza kilichobaki kwa Kaiza huyo huyo, kwa sababu hakuweza kuishi akitazama kaburi la baba yake shambani kwa mtu mwingine, akahamia Kishanda kwa watu wa mama yake. Kutoka kwetu hadi Kishanda ni mwendo wa siku moja kwa miguu, na baadaye gari lilipita kila siku. Sikwenda. Mwanzoni niliogopa, kisha nilioa, nikapata kazi, nikajiambia kwamba amesahau, kisha nikajiambia kwamba tumezeeka. Kaiza naye alikufa. Watoto wake wamejenga nyumba ya bati pale, na kaburi limesakafiwa ndani ya uwanja wao.

Sasa niseme bila kuzunguka. Kukubali kwangu siku ile kulimfanya Ishengoma azikwe ugenini, mbali na baba yake. Na mimi kulinigharimu Ishengoma mwenyewe. Nimeishi zaidi ya miaka sitini bila yeye, mwendo wa siku moja kutoka mlangoni pake, na katika miaka hiyo yote sikupata mtu mwingine wa kuniita munywani, wala sikumtafuta, kwa sababu nilijua kwamba nilikuwa naye na nilimtoa mimi mwenyewe.